UCHAMBUZI: Mgonjwa wa kisukari hupimwa damu kila kliniki, macho yake hupimwa lini?

MWENZETU mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alisahihisha nakala za magazeti kabla hazijapelekwa mtamboni ndiye aliyenifunza kwamba mtu anaweza kupoteza macho yake huku akihudhuria kliniki bila kukosa.

Aligunduliwa kuwa na kisukari akiwa na umri wa miaka 44. Kwa miaka 11 alikuwa akifika katika hospitali ya umma iliyo karibu na kwake, akipimwa sukari, akipimwa uzani, akiandikiwa tembe na kupewa tarehe ya kurudi. Kitabu chake cha kliniki kilijaa tarakimu kutoka jalada hadi jalada.

Siku moja aliniita mezani pake na kuniuliza iwapo safu ya tatu ya ukurasa ilikuwa imepinda. Haikuwa imepinda. Alicheka, akasema kosa ni la miwani. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu alibadilisha miwani mara tatu, mara mbili akinunua kwa wachuuzi wa barabarani. Hatimaye kilichompeleka kwa daktari wa macho ni damu iliyomwagika ndani ya jicho la kushoto. Aliona kana kwamba masizi yalikuwa yakielea mbele yake. Jicho la kulia nalo lilikuwa limevimba katikati ya retina.

Daktari alimwuliza swali moja: mara ya mwisho ulikaguliwa nyuma ya jicho ilikuwa lini? Jibu lilikuwa kwamba hajawahi kukaguliwa. Katika miaka yote 11, hakuna aliyemwelekeza huko, naye hakujua kwamba alipaswa kuuliza.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu ni cha kawaida mno. Kila Novemba 14, dunia inapoadhimisha Siku ya Kisukari, wananchi huhimizwa wapunguze sukari na mafuta, watembee kwa miguu na wapimwe damu. Ushauri huo ni wa busara. Hata hivyo, aghalabu husahauliwa kwamba upofu unaotokana na kisukari una vyanzo vya aina mbili. Vipo vilivyo ndani ya mwili wa mgonjwa, na vipo vilivyo katika jinsi tulivyopanga huduma zetu. Vya kwanza tunaweza kuvipunguza makali tu. Vya pili tunaweza kuviondoa, maadamu tuwe na nia.

Jicho huharibikaje?

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Hupokea mwanga na kupeleka ishara zake ubongoni, nao ubongo ukatambua picha. Utando huo hulishwa na mishipa ya damu iliyo midogo sana. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo hudhoofika. Baadhi hufanya vijivimbe, baadhi huvuja majimaji na mafuta, na mingine huziba kabisa.

Sehemu ya retina inapokosa damu, hutoa kemikali za kuchochea mishipa mipya imee. Mishipa hiyo mipya ndiyo balaa lenyewe. Ni dhaifu, humea mahali pasipofaa, hupasuka kwa urahisi na kumwaga damu ndani ya jicho. Baadaye hufanya makovu ambayo huivuta retina hadi ikabanduka.

Kuna njia nyingine ambayo huwapata wengi zaidi. Majimaji yanapovujia katikati ya retina, yaani pale tunapopatumia kusoma, kutambua sura ya mtu na kutia uzi kwenye sindano, picha huwa na ukungu au mistari iliyonyooka ikaonekana kupinda. Hicho ndicho kilichopinda safu ya mwenzetu. Zaidi ya hayo, kisukari huharakisha mtoto wa jicho na huongeza uwezekano wa kupatwa na glakoma.

La kutisha ni kwamba hatua za mwanzo hazina maumivu wala dalili yoyote. Mtu anaweza kusoma herufi ndogo kabisa kwenye ubao wa daktari ilhali retina yake imejaa madoa ya damu. Kwa hivyo, kumwuliza mgonjwa iwapo anaona vizuri si kipimo. Anayesubiri dalili husubiri madhara yenyewe.

Miaka isiyohesabiwa

Jambo la kwanza linaloongeza hatari ni muda ambao mtu ameishi na maradhi haya. Utafiti maarufu uliofanywa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kuanzia 1980, ulionyesha kwamba baada ya miaka 20 karibu wagonjwa wote wa kisukari cha aina ya kwanza huwa na dalili fulani za uharibifu wa retina. Miongoni mwa wenye aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, huwa ni zaidi ya asilimia 60.

Tatizo ni kwamba mwenye aina ya pili hajui miaka yake ilianza kuhesabiwa lini. Watafiti waliochunguza suala hilo walikadiria, mnamo 1992, kwamba ugonjwa huweza kuwa mwilini kwa kati ya miaka minne na saba kabla ya kugunduliwa. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kama UKPDS, uliowashirikisha watu 5,102 waliokuwa ndipo kwanza wagunduliwe kuwa na kisukari, zaidi ya theluthi moja walikutwa tayari na dalili katika retina siku ya kuanza matibabu.

Ikiwa hali ilikuwa hivyo Uingereza, kwetu je? Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kwamba takriban asilimia 88 ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa sukari katika damu hata mara moja. Nalo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika makadirio yake ya 2024, lilisema kwamba barani Afrika watu wapatao saba kati ya kila kumi wenye kisukari hawajui kwamba wanacho. Maana yake ni kwamba wengi wetu huanza kutibiwa miaka ikiwa imekwisha kupita, nayo macho yakiwa yameanza kulipa deni.

Ushahidi wa hapa nchini upo. Katika utafiti uliofanywa wilayani Nakuru mnamo 2007 na 2008, ukiongozwa na daktari wa macho Mkenya, Dkt Wanjiku Mathenge, watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walichunguzwa. Miongoni mwa waliopatikana na kisukari, zaidi ya theluthi moja walikuwa na uharibifu wa retina. Hawa walikuwa wakulima, wafanyabiashara na wastaafu waliotafutwa katika makazi yao. Hawakuwa wamekusanywa kutoka wodi za hospitali kuu.

Sukari na shinikizo la damu

Jambo la pili ni kiwango cha sukari. Hapa hakuna ubishi tena. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Canada, uliochapishwa 1993, uliwafuatilia wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza kwa wastani wa miaka sita na nusu. Miongoni mwa wale ambao macho yao hayakuwa yameathiriwa, waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya kuharibikiwa na retina kwa asilimia 76. Kwa upande wa aina ya pili, wachanganuzi wa UKPDS walionyesha kwamba kila mtu anapopunguza kipimo cha HbA1c kwa nambari moja ya asilimia, madhara katika mishipa midogo, ikiwemo ya macho na figo, hupungua kwa takriban asilimia 37.

Kipimo hicho cha HbA1c kinastahili kufafanuliwa. Sukari inayopimwa kwa kudunga kidole huonyesha hali ya saa ile tu. Wapo wagonjwa ambao hujinyima chai na mkate siku mbili kabla ya kliniki ili wasigombezwe na muuguzi. Kidole kitawaficha. HbA1c haiwafichi, kwa kuwa huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hata hivyo, nacho kina kasoro zake. Mwenye upungufu wa damu, au aliyerithi chembe za selimundu kama walivyo wengi katika maeneo ya Pwani na Ziwa Victoria, anaweza kupewa jibu lisilo sahihi kutegemea mtambo uliotumika. Daktari anapaswa kuarifiwa.

Jambo la tatu ni shinikizo la damu, na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mgonjwa akiambiwa macho yake yamo hatarini hufikiria sukari pekee. Lakini mishipa iliyodhoofishwa na sukari ni kama mpira mkuukuu wa kunyunyizia maji bustanini: ukifungua bomba kwa nguvu, utapasuka. Matokeo ya UKPDS yaliyochapishwa 1998 yalidhihirisha kwamba wagonjwa waliodhibitiwa shinikizo kwa makini walipunguza kasi ya uharibifu wa retina kwa asilimia 34. Kudhoofika kwa uwezo wa kuona kulipungua kwa asilimia 47. Tofauti ya shinikizo baina ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo: wastani wa 144 kwa 82 kwa waliodhibitiwa zaidi, na 154 kwa 87 kwa wale wengine.

Tembe nyingi za shinikizo la damu ni za kale na za bei nafuu. Ilhali uchunguzi ule wa 2015 ulionyesha kwamba karibu Mkenya mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kuna watu wanaopoteza macho kwa kukosa dawa ambayo duka la mtaa wao linayo.

Mafuta mengi katika damu huongeza uwezekano wa retina kuvuja. Uvutaji wa sigara huiharibu mishipa ya damu mwilini kote. Ugonjwa wa figo nao aghalabu huandamana na ule wa macho, kwani mishipa midogo ya viungo hivi viwili huharibiwa kwa namna moja. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba protini imeonekana kwenye mkojo wake anafaa kuuliza kuhusu macho siku hiyo hiyo.

Ujauzito ni jambo lingine. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba anaweza kuharibikiwa na retina kwa kasi katika miezi hiyo tisa. Anapaswa kukaguliwa macho mapema, yaani katika miezi mitatu ya kwanza, kisha afuatiliwe. Kisukari kinachozuka wakati wa ujauzito pekee hakina hatari hiyo kwa macho kwa kawaida, ingawa humweka mama katika uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu baadaye.

La mwisho huwashangaza wengi. Sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa kwa ghafla, hali ya retina inaweza kuwa mbaya zaidi kwa muda kabla ya kutengemaa. Jambo hilo lilionekana katika DCCT yenyewe, na limezua mjadala tena kuhusiana na dawa mpya zenye nguvu za kushusha sukari na uzani. Hii si sababu ya kuacha dawa, kwa kuwa manufaa ya muda mrefu ya kudhibiti sukari ni makubwa zaidi. Ni sababu ya kukaguliwa macho kabla ya kuanza tiba kali, hasa kwa mtu ambaye kisukari chake kimedumu.

Kati ya meza mbili

Msomaji atakuwa ametambua kwamba katika hayo yote, hakuna jipya kwa daktari. Yamejulikana kwa miaka 30. Kwa nini basi mwenzetu alipoteza jicho?

Jibu ni kwamba kisukari kina meza yake na macho yana meza yake, nazo meza hizo hazizungumzi. Katika hospitali zetu nyingi, kliniki ya kisukari ni ya matabibu na wauguzi wa magonjwa ya mwili. Kitengo cha macho kiko katika jengo jingine, na kliniki yake huwa siku nyingine. Pasipo kitengo hicho, mgonjwa hupewa karatasi ya rufaa impeleke mji mwingine. Kwa mtu ambaye haumwi macho na anaona vizuri, kupoteza siku nyingine ya kazi na nauli nyingine kwa sababu ya kipande cha karatasi ni jambo ambalo linaweza kungoja. Tena matone ya kupanua mboni yatamfanya aone ukungu kwa saa kadhaa, hivyo hawezi kuendesha gari, na huenda akahitaji mtu wa kumsindikiza.

Mgawanyiko huu si wa Kenya pekee. Mnamo Mei 2022, Baraza la Afya Duniani lilipitisha malengo matano kuhusu kisukari ya kufikiwa ifikapo 2030. Yanahusu kugunduliwa mapema, kudhibiti sukari, kudhibiti shinikizo la damu, tembe za kupunguza mafuta kwa waliotimu miaka 40, na insulini kwa wenye aina ya kwanza. Macho hayakutajwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, baraza hilo hilo lilikuwa limepitisha malengo mawili kuhusu macho. Yalihusu miwani na upasuaji wa mtoto wa jicho. Kisukari hakikutajwa. Kwa hivyo hata Geneva jicho la mgonjwa wa kisukari lilianguka katikati ya meza mbili.

Hapa nyumbani, Wizara ya Afya ilitayarisha mwongozo wa kwanza wa kitaifa kuhusu ukaguzi na matibabu ya retina kwa wenye kisukari mnamo 2017. Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini mwongozo ni karatasi hadi pale utakapopewa kamera, mpiga picha na fungu la fedha. Tangu 2013 majukumu mengi ya afya yamo mikononi mwa serikali za kaunti 47, na kila kaunti ina vipaumbele vyake. Gavana huzindua wodi na ambulensi. Ni nadra kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya kamera ya retina.

Tiba ipo, ikiwahiwa

Uzito wa suala hili umo katika ukweli kwamba tiba ipo. Utafiti wa Marekani uliotangazwa 1976 ulithibitisha kwamba mwale wa leza unaoelekezwa kwenye retina hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uwezo wa kuona katika macho yaliyoota mishipa mibaya. Siku hizi zipo pia sindano zinazodungwa ndani ya jicho ili kuzuia kemikali inayootesha mishipa hiyo na kukausha uvimbe wa katikati ya retina. Mojawapo, bevacizumab, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na kwa kuwa bei yake ni ya chini kuliko ya wenzake, Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu za macho mnamo 2013.

Hata hivyo, leza hulinda kilichobaki. Kwa kawaida hairudishi kilichopotea. Sindano huhitaji kurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Upasuaji wa kuondoa damu na kuibandika retina upya ni wa ghali, na wataalamu wake ni wachache, wengi wao wakiwa Nairobi na katika hospitali chache kubwa. Anayefika mapema hutibiwa kwa gharama ndogo karibu na kwake. Anayechelewa hutibiwa kwa gharama kubwa mbali na kwake, na matokeo huwa haba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili mara nyingine hata tofali hazipo.

Uingereza ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupiga picha retina za wenye kisukari mnamo 2003, kuanzia umri wa miaka 12. Mwaka wa 2014 watafiti waliripoti kwamba, kwa mara ya kwanza katika angalau miongo mitano, uharibifu wa retina unaotokana na kisukari haukuwa tena chanzo kikuu cha upofu miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi katika England na Wales. Waliona kwamba huenda ukaguzi huo, pamoja na udhibiti bora wa sukari, ndivyo vilivyochangia mabadiliko hayo.

Atakayesema kwamba Uingereza ni tajiri na atazame Rwanda. Huko, Dkt Mathenge yule yule wa utafiti wa Nakuru na wenzake walijaribu programu ya akili mnemba inayosoma picha ya retina papo hapo ndani ya kliniki ya kisukari. Katika matokeo yao ya 2022, nusu ya wagonjwa waliopewa jibu mara moja na kuelekezwa kwa daktari wa macho walikwenda, yaani asilimia 51.5. Miongoni mwa waliosubiri majibu kwa siku kadhaa, waliokwenda walikuwa asilimia 39.6. Tofauti haikuletwa na dawa. Ililetwa na kupunguza kungoja.

Katika Kaunti ya Kirinyaga nako, watafiti wakiongozwa na Dkt Nyawira Mwangi walitumia vikundi vya wagonjwa wa kisukari wenyewe. Mgonjwa aliyefunzwa aliwaeleza wenzake umuhimu wa kukaguliwa macho, na waliojitokeza kukaguliwa wakaongezeka. Maneno ya aliye katika hali moja nawe huingia pale ambapo bango la wizara haliingii.

Hoja ya gharama

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kuna faida gani kuwapiga picha maelfu ya watu ikiwa mashine za leza hazitoshi? Hoja hiyo ina uzito. Kumwambia mtu kwamba anaelekea kupofuka, kisha kumwonyesha foleni ya miezi mingi, ni ukatili. Kwa hivyo kamera na leza havina budi kupangwa pamoja, pengine kwa kaunti jirani kushirikiana mashine moja na mtaalamu mmoja mwenye ratiba inayojulikana.

Lakini kutopima hakumwondoi mgonjwa. Humwahirisha tu. Atafika hatimaye, akiwa ameongozwa kwa mkono na mtoto ambaye angekuwa shuleni, na gharama yake itakuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Wakati wa kuamua ni sasa, kwa sababu mbili. Kwanza, mnamo Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima sukari na shinikizo la damu nyumba kwa nyumba. Kadiri wanavyopima, ndivyo watakavyogundua wagonjwa wengi zaidi. Kila anayegunduliwa ana macho mawili yanayohitaji kukaguliwa siku hizo hizo, wala si baada ya miaka 11.

Pili, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, imejengwa juu ya hazina tatu: ya huduma za msingi, ya bima, na ya dharura na magonjwa sugu. Mgonjwa wa kisukari anagusa zote tatu. Anapaswa kujua, kabla hajafika dirishani, ni ipi itakayolipia picha ya retina, ipi leza na ipi sindano. Asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mshahara wa mwajiriwa kila mwezi inampa haki ya kupata jibu lililo wazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa haki hiyo hata asiye na mshahara.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kipimo cha mafanikio kiwe kimoja na chepesi: kitabu cha kliniki ya kisukari kiwe na safu ya macho kando ya safu ya sukari na ya shinikizo, na muuguzi asiruhusiwe kuiacha tupu mwaka mzima. Safu hiyo haigharimu chochote kuichapisha. Ikishachapwa, utupu wake utaonekana na kila mtu, kuanzia mgonjwa hadi waziri wa afya wa kaunti.

Kabla ya hayo kutimia, msomaji mwenye kisukari asingoje. Mwenye aina ya pili akaguliwe nyuma ya macho punde anapogunduliwa. Mwenye aina ya kwanza, kufikia miaka mitano baada ya kugunduliwa. Kisha wote warudi kila mwaka au kama daktari atakavyoagiza. Vipimo vya kukumbuka ni vitatu: HbA1c, shinikizo la damu na picha ya retina. Akiona masizi yanayoelea, mistari inayopinda au pazia jeusi upande mmoja, aende hospitalini siku hiyo hiyo, asipitie kwa mwuza miwani.

Mwenzetu alitibiwa kwa leza na sindano. Jicho la kulia lilitengemaa kiasi cha kumwezesha kutembea peke yake na kutambua nyuso za wajukuu wake. La kushoto halikurudi. Magazeti sasa husomewa na binti yake kila Jumapili asubuhi, naye bado humkatiza msomaji kila anaposikia kosa la sarufi.